George Boole: Mwalimu Aliyeiandika Mantiki kwa Herufi

Katika mji wa Lincoln, Uingereza, aliishi fundi viatu aliyependa kutengeneza darubini kuliko viatu. Biashara yake ikaanguka. Mwanawe George, aliyezaliwa mwaka 1815, akalazimika kwenda kufundisha shule huko Doncaster akiwa na miaka 16, awalishe wazazi na nduguze. Alipotimiza miaka 19 alifungua shule yake mwenyewe. Chuo kikuu hakukisoma. Hisabati ya juu alijifundisha kwa vitabu.

Mwaka 1847 alitoa kitabu kidogo kilichoieleza mantiki kwa aljebra. Tuchukue mfano wa daftari la mahudhurio. Tuseme x ni wasichana, na y ni wakaao mbali na shule. Basi xy ni wasichana wakaao mbali. Tukiwasimamisha wasichana, kisha miongoni mwao tukawachagua tena wasichana, hatupati kundi jipya: xx ni x ileile. Katika namba za kawaida ni 0 na 1 tu zinazotii kanuni hiyo. Boole akaifanya 1 kuwa vitu vyote na 0 kuwa kutokuwapo kitu. Wasio wasichana darasani wakawa 1 − x. Mwanachuo aanze na watoto wenyewe wakisimama na kuketi, herufi zije baadaye.

Mwaka 1849 Boole aliteuliwa kuwa profesa huko Cork, Ireland, ingawa hakuwa na shahada.

Wapo wamwitao baba wa kompyuta; sisi twaona wanamzidishia. Mantiki pana zaidi ililetwa na Frege mwaka 1879. Mwaka 1970 Codd alipendekeza taarifa zipangwe katika majedwali na kuulizwa kwa mantiki, na mwaka 1972 lugha ya Prolog ikaundwa huko Marseille, Ufaransa. Katika lugha za namna hii muulizaji hutaja masharti ya akitakacho, kama tulivyofanya kwa xy; njia ya kukitafuta huachiwa mashine.

Mwishoni mwa mwaka 1864 Boole alitembea kwa miguu katika mvua kubwa kwenda kufundisha, akafundisha na nguo zikiwa zimelowa. Homa ya mapafu ikamwua tarehe 8 Desemba, akiwa na miaka 49. Aliacha mabinti watano, kitinda mimba akiwa mchanga, na mjane, Mary, ambaye baadaye aliandika vitabu vya kuwafundisha watoto hesabu na akabuni zoezi la kushona nyuzi kwenye kadi ili wayaone maumbo ya jiometri.