Mackinnon, Bwana wa Reli ya Maili Saba

Msomaji, ukitoka Mombasa kwa njia ya Nairobi utapita Mazeras, Mariakani, Samburu na Taru, kisha utafika Mackinnon Road. Hapo ndipo madereva wengi wa malori na mabasi wanaposimama, mbele ya msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, mcha Mungu ambaye husimuliwa kuwa alikuwa katika wajenzi wa reli, na aliyefariki mwaka 1909. Abiria hushuka wakasali, wakaomba dua ya safari, wakatoa sadaka, kisha wakapanda wakaenda zao. Sayyid Baghali anajulikana kwa wakubwa na wadogo. Lakini huyo Mackinnon aliyeuachia mji jina lake, ni nani? Nimeulizwa swali hilo si mara moja na vijana wa hapa Maungu, mbele ya mji huo ukielekea Voi, na leo napenda kulijibu kwa kirefu.

Nalijibu kwa sababu moja zaidi. Siku hizi twasikia habari za vyombo vya ajabu. Treni inayoelea juu ya njia yake kwa nguvu za sumaku si ndoto. Mjini Shanghai inabeba abiria tangu mwaka 2004. Ndege ya Concorde iliyokwenda kasi kuliko sauti ilichukua abiria tangu mwaka 1976, ikapumzishwa mwaka 2003. Mwanadamu alikanyaga mwezi mwaka 1969, akaenda mara ya mwisho mwaka 1972, kisha ikapita zaidi ya miaka 50 pasi na mtu kurudi kuukanyaga. Elimu ipo, mafundi wapo, bali bei ndiyo inayoshinda. Basi maisha ya Mackinnon ni kisa cha jambo hilo hilo, na kilitendeka katika nyika hii hii yetu.

William Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 katika mji mdogo wa bandari uitwao Campbeltown, huko Scotland. Hakuzaliwa na mali. Ujanani aliuza duka la vyakula, kisha akaenda mji wa Glasgow kufanya kazi kwa wafanyabiashara. Mwaka 1847 alisafiri hadi Bara Hindi, akashirikiana na mtu wa kwao, Robert Mackenzie, wakafungua nyumba ya biashara. Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya meli za moshi za kwenda baina ya Calcutta na Burma, na mwaka 1862 kampuni hiyo ikaitwa British India. Wazee wa Mombasa, Lamu na Unguja wanalijua jina hilo, kwani meli zake zilichukua watu na mizigo yetu kwa karibu miaka 100.

Zilifikaje huku? Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja. Minazi na mikarafuu iliangushwa, na vyombo vya Sayyid Barghash bin Said vilivunjika bandarini. Mwaka huo huo Mackinnon alipata mkataba wa kuleta barua kwa meli kutoka Aden hadi Unguja. Vyombo vya tanga vilikuwa vikingoja kaskazi na kusi; meli ya moshi haikungoja upepo. Ikawa barua ya Uingereza yafika kwa tarehe yake.

Mtu aliyeishinda pepo baharini aliona kuwa ataishinda na nchi kavu. Mwaka 1877 yeye na wenzake walianza kupasua barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea maziwa makuu, ili mizigo ivutwe kwa magari ya ng'ombe. Walifika kiasi cha maili 70 hivi. Lakini mbung'o hawakuwaachia ng'ombe, na mapato hayakulingana na matumizi, na mwaka 1881 kazi ikaachwa. Wakati huo huo Sayyid Barghash alikuwa tayari kumkodisha nchi yake ya bara kwa miaka 70. Mazungumzo yalivunjika mwaka 1878, kwa kuwa serikali ya Uingereza haikutaka kumsimamia. Miaka michache baadaye Wajerumani wakaingia, na ufalme wa Barghash ukaanza kukatwa vipande.

Mackinnon hakukata tamaa. Tarehe 24 Mei, 1887, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kumpa uongozi wa pwani, toka mto Umba hadi Kipini, upana wa maili 10, kwa miaka 50. Bendera ikabaki ya Sultani, nao wakusanya ushuru wakawa watu wa Mackinnon. Barghash alifariki mwezi wa Machi, 1888, na mwezi wa Septemba mwaka huo kampuni ilipata hati ya Malkia wa Uingereza. Ndiyo ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki iliyokaa Mombasa. Moja katika mambo yake ya kwanza lilikuwa Rabai, ambako watumwa waliotoroka walikuwa wamekimbilia kwa wamisheni na mabwana zao wakiwadai. Mwanzo wa mwaka 1889 kampuni iliwalipa mabwana, na watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fedha ilitoka ili vita visizuke. Naliweka hili wazi kwa sababu Mackinnon hakuwa bahili. Shida yake ilikuwa nyingine.

Ili kuifahamu shida hiyo, mtu na aje Maungu. Njia ya misafara ya zamani kutoka pwani ilipita Rabai, ikaingia nyika ya Taru. Taru palikuwa na ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayoweka maji ya mvua, nayo yalikuwa yakikauka. Kutoka Taru hadi Maungu hapakuwa na tone. Wapagazi walitembea mchana na usiku katika miiba, na walipofika Maungu maji hayakuwa njiani. Yalikuwa juu mlimani, na mtu aliyekwisha kuchoka ilimlazimu kukwea. Wengine hawakufika. Mimi nikiutazama mlima huu jua la saa nane, sihitaji kitabu kunieleza walivyokuwa wakihisi.

Sasa tupige hesabu. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, nazo ni ratili 70. Tani moja ya mzigo yahitaji basi wapagazi 32, na kila mmoja ale, anywe na alipwe kwa miezi mitatu hivi ya kwenda mpaka Ziwa la Victoria. Pembe za ndovu ziliweza kuilipa gharama hiyo kwa kuwa zilikuwa na thamani kubwa kwa uzito mdogo. Pamba, ngozi na nafaka zisingeweza kamwe. Mackinnon alijua dawa yake: gari la moshi. Halikuwa jambo la kubuni. Uingereza ilikuwa na reli za abiria tangu alipokuwa mtoto, na Bara Hindi alikokwenda kutafuta mali ilikuwa na maelfu ya maili za reli. Kila mhandisi alijua kuwa reli yaweza kufika ziwani. Neno lililobaki lilikuwa ni nani atakayelipa.

Mwaka 1890 kampuni ilianza kulaza reli nyembamba kutoka Mombasa, ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Jina lilikuwa refu kuliko reli yenyewe. Ilifika maili 7, ikasimama. Kampuni ilikuwa na mtaji wa pauni 240,000 tu wa kuanzia, nao ulikuwa unaliwa na mambo mengi kwa pamoja: kodi ya Sultani, maaskari, vituo, meli, na safari ya Lugard ya Uganda, ambako alifika mwezi wa Desemba 1890. Mwaka 1891 kampuni ilitangaza kuwa Uganda imeishinda, na kama si rafiki wa wamisheni kuchanga fedha ingeondoka mapema. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Hapo Mackinnon akaugeukia mlango wa serikali. Mwaka 1892 Bunge la Uingereza lilitoa pauni 20,000 za kupima njia tu. Kapteni Macdonald na wapimaji wake walikwenda kwa miguu kutoka Mombasa hadi ziwani, wakarudi na hesabu: reli ya maili 657 itagharimu pauni 2,240,000. Tazama tofauti hiyo, msomaji. Fedha ya kuanzia ya kampuni nzima isingetosha hata moja ya tisa. Mwisho wa mwezi wa Machi, 1893, kampuni iliiacha Uganda, na tarehe 1 Aprili Sir Gerald Portal akapandisha huko bendera ya serikali ya Uingereza. Tarehe 22 Juni mwaka huo Mackinnon alifariki mjini London, umri wake miaka 70. Alikuwa ameacha maili 7 za reli, na barabara ya magari iliyopasuliwa kutoka pwani hadi Kibwezi, ile iliyouachia mji wa jirani yetu jina lake.

Wengi humaliza kisa hapa, wakasema mtu alitamani kuliko uwezo wake. Mimi naona sehemu inayotuhusu watu wa pwani ndiyo kwanza yaanza. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliamua kuinunua kampuni kwa pauni 250,000, ili iitwae nchi. Katika hizo, Waingereza walitoa pauni 50,000. Pauni 200,000 zilitoka katika fungu la Sultani wa Zanzibar, zile fedha alizolipwa na Wajerumani kwa kuipoteza pwani yake ya Mrima. Sultani wakati huo alikuwa Sayyid Hamed bin Thuwaini. Fedha ya pwani moja iliyokwisha potea ikatumika kumlipia mgeni aliyeshindwa katika pwani ya pili. Tokea hapo Sultani akawa alipwa pauni 11,000 kwa mwaka kuwa kodi ya pwani, na 6,000 kuwa faida ya fedha yake mwenyewe. Pwani yenyewe, na Mombasa ndani yake, haikurudi mkononi mwake.

Kisha reli ikaja. Bunge liliidhinisha pauni milioni 3 mwaka 1896, na mataruma yakaanza kulazwa Mombasa. Katika nyika ya Taru maji ya wajenzi yaliletwa kwa gari la moshi lenyewe, na Maungu ikapitwa pasi na mtu kulazimika kukwea mlima. Mwaka 1898 reli ilikuwa Tsavo, na tarehe 20 Desemba, 1901, ikagusa ziwa. Ziwani kulikuwa na meli imekwisha tangulia. Ilikuwa imeundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, vipande vikachukuliwa bara mpaka Kisumu vikaungwa, ikashushwa majini mwaka 1900. Iliitwa William Mackinnon.

Bei ya mwisho ya reli ilikuwa kama pauni milioni 5 na nusu, zaidi ya mara mbili ya hesabu ya Macdonald. Walipa kodi wa Uingereza ndio waliozitoa. Lakini kulikuwa na malipo mengine yasiyoandikwa kwa pauni. Katika wafanyakazi 31,983 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu wa Punjab, walikufa 2,493. Jambo lililokuwa ghali mno kwa tajiri mmoja halikugeuka kuwa rahisi. Lilipata walipaji wengi zaidi, na baadhi yao hawakuulizwa.

Hapa Maungu leo ni kama daftari la hesabu hizo. Ipo reli ya zamani. Lipo bomba la maji la Mzima la miaka ya 1950, linalopeleka maji Mombasa. Lipo bomba la mafuta la mwaka 1978. Na tangu tarehe 31 Mei, 2017, ipo reli mpya iliyogharimu kiasi cha shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Reli hii ilijengwa kwa namna ya kuweza kuwekewa umeme baadaye, lakini ilianza kwa dizeli, kwani umeme ulihitaji fedha nyingine. Tanzania iliweka umeme katika reli yake mpya, na mwaka 2024 treni zikaanza kutoka Dar es Salaam, mji ule ule ambao barabara ya Mackinnon ilikwama maili 70 tu baada ya kuutoka.

Simlilii Mackinnon. Alikuja kutafuta biashara na utawala, na mwisho wake nchi zetu zilitwaliwa. Walakini twaweza kujifunza kwake. Mtu akituletea habari za chombo kipya cha ajabu, sisi hupenda kuuliza kama kitawezekana. Wahandisi wa mwaka 1890 wangalijibu hilo kwa dakika moja. Swali la kuulizwa mapema, kabla ya taruma la kwanza kulazwa, ni fedha itatoka mfukoni mwa nani, na kama mwenye mfuko huo amekwisha kuambiwa.