Tom Mboya Alikuwa Zaidi ya Risasi

Mwanafunzi avukaye daraja la Mbita kuingia kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, ili kuzuru kaburi la Thomas Joseph Mboya, hulakiwa kwanza na umbo la risasi. Jumba lililojengwa juu ya kaburi hilo lilipewa umbo hilo kwa makusudi, ili kila alionaye akumbuke jinsi marehemu alivyouawa jijini Nairobi, Jumamosi ya tarehe 5 Julai, 1969. Ndani mna picha na baadhi ya vitu vyake, ukiwemo mkoba wake na usinga. Sina ugomvi na waliolibuni jumba hilo. Uchungu wa mwaka ule haukuwa mdogo, na umbo lile linausema bila ya maneno.

Hata hivyo, sisi tunaochunguza jinsi ishara zinavyobeba maana tunajua kwamba ishara moja ikizidi nguvu huzimeza nyingine zote. Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari Mboya alikuwa nani, naye aghalabu atakueleza jinsi alivyokufa. Kifo kilichukua dakika chache mlangoni mwa duka la dawa. Maisha yaliyokitangulia yalichukua miaka 38, na hayo ndiyo maonyesho ya makumbusho yanayopaswa kumweleza mtoto.

Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, katika shamba la mkonge huko Kilimambogo, karibu na Thika, ambako babaye, Leonard Ndiege, aliajiriwa kuwa msimamizi wa vibarua. Alianza masomo katika nchi ya Wakamba, akapelekwa Yala katika Nyanza, kisha akaingia Mang'u mwaka wa 1946. Kwa hiyo mtoto huyu wa kisiwani alikulia miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu, akasikia lugha zao kabla ya kuijua vyema nchi ya wazazi wake. Wanaoshangaa jinsi alivyochaguliwa na wapiga kura wa Nairobi waliokuwa wa makabila mbalimbali wangefaa kuanzia hapo.

Mang'u hakumaliza kama alivyotaka. Karo ilikuwa haba, na wadogo zake nao walihitaji kusoma. Akaenda kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, na mwaka wa 1951 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Hapo ndipo palipotokea kisa ambacho yeye mwenyewe alikisimulia katika kitabu chake, *Freedom and After*, kilichotoka mwaka wa 1963. Alikuwa peke yake ofisini alipoingia mwanamke wa Kizungu akiwa na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mwanamke yule alitazama huku na huku, kisha akauliza kama mle ndani mlikuwa na mtu. Kijana wa watu amesimama mbele yake! Nimesoma vitabu vingi juu ya ukoloni, lakini ni vichache vinavyoueleza kwa ufupi kama swali hilo.

Tena mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule aliolipwa Mzungu kwa kazi iyo hiyo. Mboya hakuishia kunung'unika. Aliwakusanya wafanyakazi wenzake katika chama, na mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23 hivi, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Tukumbuke kwamba hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati vyama vya siasa vya Waafrika vilipokuwa vimepigwa marufuku na viongozi wengi wako vizuizini. Chama cha wafanyakazi kilikuwa miongoni mwa milango michache iliyobaki wazi. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka wa 1955, yeye ndiye aliyekwenda kupatanisha, na mwishowe mishahara ikapanda kwa karibu theluthi moja. Baadaye mwaka uo huo alikwenda kusoma katika Ruskin College, Oxford.

Mengine yanajulikana zaidi, nami nitayapita upesi. Mwaka wa 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra, akiwa na umri wa miaka 28 tu. Mwaka wa 1960 akawa katibu mkuu wa KANU. Na baada ya hapo alishika wizara ya leba, ya sheria na katiba, na hatimaye ya mipango ya uchumi. Waraka Nambari 10 wa mwaka wa 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika unahusishwa sana na jina lake. Wapo waliomlaumu kwa waraka huo, na kwa jinsi alivyosaidia kumwondoa Jaramogi Oginga Odinga katika uongozi wa chama huko Limuru mwaka wa 1966. Lawama hizo nazo zina nafasi yake katika maonyesho. Makumbusho yasiyo na lawama hata moja huwa ni tanzia tu.

Lakini jambo ambalo ningependa walimu wenzangu walitazame kwa makini ni zile ndege za wanafunzi. Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani. Mboya alikuwa amezunguka nchi hiyo akiomba nafasi za masomo na fedha, na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakasaidia kuchangisha. Mwaka uliofuata, familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai. Kufikia mwaka wa 1963 wanafunzi mia kadhaa walikuwa wamekwenda. Aliyewatafutia karo ni mtu ambaye mwenyewe aliikosa. Sanamu yake jijini Nairobi, iliyozinduliwa mwaka wa 2011 karibu na mahali alipouawa, ina ndege aina ya heroe miguuni, na nasema wazi kwamba heroe hao wanafundisha zaidi ya risasi.

Liko na suala la lugha, nisilostahimili kuliacha. Wazazi wa Mboya walikuwa Wasuba, jamii ambayo mababu zake walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda na ambayo, kwa vizazi vichache, imehamia katika Kijaluo. Shule, kanisa na ndoa vilisaidia uhamaji huo. Leo Kisuba kimo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Ng'ambo ya pili, katika kisiwa cha Mfangano, wenyeji walianzisha jumba lao la makumbusho mwaka wa 2000, karibu na michoro ya kale ya miambani ya Mawanga na Kwitone. Laiti Rusinga na Mfangano zingeandaa maonyesho ya pamoja, maelezo yakiandikwa kwa Kisuba, Kijaluo na Kiswahili, na wazee wakaalikwa kuwasomea watoto! Lugha ikiandikwa ukutani mwa jumba la heshima hupata heshima ya jumba lenyewe.

Tunao mfano wa kutuonya katika Kaunti ya Migori. Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila ya saruji, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Wajenzi wake hawakutuachia maandishi, hivyo tunalazimika kuyakisia maisha yao kutokana na mawe na vigae. Kuhusu Mboya hatuna udhuru huo. Zipo hotuba, barua, picha na vitabu, na wangaliko watu waliosafiri na ndege zile, japo wanapungua kila mwaka. Wanafunzi wa Homa Bay na Migori wangeweza kutumwa na vinasa sauti kuwahoji, kisha kazi yao ikawekwa kando ya mkoba na usinga, pamoja na michoro watakayoichora wenyewe.

Ningeruhusiwa kuongeza kifaa kimoja tu, ningechagua chupa tupu ya maziwa. Iwekwe karibu na mlango, kimo cha macho ya mtoto, bila ya maelezo marefu, ili amlazimishe mwalimu wake kumsimulia kile kisa cha ofisini.