Vauquelin, mwana wa mkulima aliyeonja utamu wenye sumu

LOUIS-NICOLAS Vauquelin alizaliwa Mei 16, 1763, katika kijiji cha Saint-André-d'Hébertot, Normandy, nchini Ufaransa, katika familia ya wakulima wa hali ya chini. Angali kijana alipata kazi ya usaidizi katika duka la dawa mjini Rouen. Baadaye alielekea Paris, ambako mwanakemia Antoine Fourcroy alitambua kipaji chake na kumpokea katika maabara yake.

Mnamo 1797 aligundua kromiamu. Mwaka uliofuata, mtaalamu wa mawe René Haüy alishuku kuwa zumaridi na berili ni jiwe moja, kwa kuwa fuwele zao zilifanana. Vauquelin alipoyachunguza, alikuta ndani yake dutu ambayo wengine waliidhania kuwa ya alumini. Wakati huo wanakemia walionja walichokipata, na chumvi za dutu hiyo zilikuwa tamu. Wafaransa wakaipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya utamu. Leo madini hayo huitwa beriliamu, nayo yamo hata katika zumaridi za Ziwa Manyara, Tanzania.

Vauquelin hakuoa. Fourcroy alipofariki mwaka wa 1809, aliwatunza dada zake wawili. Shukrani ya aina hiyo si ya kawaida. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 14, 1829, mwaka mmoja baada ya Friedrich Wöhler na Antoine Bussy kuipata beriliamu ikiwa metali.

Utamu ule ulificha balaa. Katika miaka ya 1940, wafanyakazi wa viwanda vya taa za tyubu nchini Marekani waliugua mapafu kutokana na vumbi lake, na watengenezaji wakaacha kuitumia katika taa hizo.

Hata hivyo, beriliamu ingali inachanganywa na shaba kuunda springi za vifaa vya umeme, na pia nyundo zisizotoa cheche penye petroli. Nyundo hizo zaweza kuundwa kwa shaba na alumini, na springi kwa shaba yenye bati na fosforasi, ingawa hizi hazina nguvu sawa.

Kwa fundi wa Ziwani au Gikomba anayefungua mitambo kuukuu akitafuta shaba, rangi pekee haitoshi kumwonyesha tofauti. Kipande kizima kikishikwa tu hakina hatari kubwa. Hatari huja kinaposagwa, kukatwa kwa msumeno au kuyeyushwa.