Georg Ohm: mtoto wa fundi kufuli na siri ya taa zinazopepesa

Wasomaji wetu wanaoishi Ulaya wanaijua vyema hali hii. Baridi imeingia, hita ya umeme imewashwa, na kila inapojiwasha taa ya sebuleni hufifia kidogo, kisha inapojizima taa hurudia mwanga wake. Msimu mmoja wa baridi hapa Uingereza sisi wenyewe tulikaa na hali hiyo wiki nzima. Hita yetu ilikuwa ikijiwasha na kujizima kila baada ya sekunde chache, nayo taa ya kusomea ikawa inapepesa hadi kichwa kikatuuma. Tulimlaumu mwenye nyumba na tukaita fundi. Fundi akapima, akatuambia kwamba hakuna kilichoharibika.

Alisema kweli. Ili kuelewa ni kwa nini, inabidi turudi nyuma karibu karne mbili, kwa mwalimu mmoja wa Kijerumani ambaye jina lake limeandikwa katika kila kitabu cha fizikia, lakini maisha yake hayajulikani na wengi.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli ambaye hakupata elimu kubwa ya shule, lakini alijisomea mwenyewe hesabu na sayansi na kuwafundisha wanawe nyumbani. Mama yake alifariki dunia Georg akiwa na umri wa miaka kumi. Mdogo wake, Martin, naye baadaye alikuwa mwanahisabati mashuhuri.

Mwaka 1805 Georg aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen, na huko akanogewa na dansi, biliadi na kuteleza juu ya barafu. Baba aliyejinyima kwa ajili ya wanawe alikasirika, na baada ya mihula mitatu kijana akaondoka chuoni. Mwaka 1806 alikwenda Uswisi kufundisha hesabu. Alirejea na kupata shahada ya udaktari mwaka 1811, lakini kazi ya chuo kikuu haikumpatia riziki ya kutosha. Akawa mwalimu wa shule, kwanza Bamberg, kisha kuanzia mwaka 1817 katika mji wa Cologne, ambako shule ilikuwa na maabara nzuri. Hapo ndipo alipoanza kuuchunguza umeme.

Swali lake lilikuwa jepesi kulitaja: je, waya ukiwa mrefu zaidi, mkondo wa umeme unapungua kwa kiasi gani? Tabu ilikuwa kwenye chombo chenyewe. Betri za wakati ule hazikuwa tulivu. Alipounganisha waya, nguvu ilipanda kisha ikashuka, na vipimo vikawa vinayumba. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1825 hayakuwa sahihi.

Mwanasayansi mwenzake, Poggendorff, alimshauri aachane na betri na atumie ugunduzi uliokuwa mpya wakati ule: vipande vya metali mbili tofauti vikiungwa pamoja, ungio moja likapashwa moto na jingine likapozwa, hutoa umeme. Mwaka 1826 Ohm alitumia shaba na bismuthi, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Kwa kuwa maji yanayochemka na barafu inayoyeyuka hazibadiliki joto, umeme wake ukatulia. Akaunganisha nyaya za shaba za urefu mbalimbali, akatazama sindano ya sumaku inavyogeuka, na jawabu likajitokeza.

Mkondo, aligundua Ohm, ni nguvu ya chanzo ikigawanywa kwa jumla ya ukinzani wote uliomo njiani. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Katika hesabu yake Ohm hakuweka ukinzani wa waya aliokuwa akiupima peke yake. Aliuongeza na ule wa sehemu nyingine zote za mzunguko, chanzo chenyewe kikiwemo. Kwa maneno mengine, hakuna chanzo kinachotoa umeme bila chenyewe kulemewa.

Ohm hakuwa akifikiria hita wala balbu, kwani nyumba za zama zake hazikuwa na umeme. Hata hivyo, hesabu yake ndiyo inayoeleza kisa chetu cha sebuleni. Chukulia hita ya wati 2,300 kwenye umeme wa volti 230. Inavuta mkondo wa ampea 10. Ikiwa nyaya zinazotoka kwenye transfoma hadi kwenye soketi zina ukinzani wa omu 0.4, basi karibu volti 4 zinapotea njiani kila hita inapowaka. Hiyo ni asilimia 1.7 tu, lakini balbu ya waya hukuza kosa hilo: mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 6. Jirani anayetumia nyaya hizo hizo naye huona taa yake ikishuka, bila kujua nani kawasha nini.

Mwaka 1827 Ohm alitoa kitabu mjini Berlin kilichokusanya nadharia yake yote. Alitarajia kitamfungulia mlango wa chuo kikuu. Kinyume chake, kilipokelewa kwa ubaridi. Wengi hawakupenda hesabu nyingi namna ile ndani ya fizikia. Mwaka 1828 alijiuzulu kazi yake ya Cologne, na kwa miaka kadhaa akaishi kwa vibarua vya kufundisha Berlin. Alikuwa karibu na miaka arobaini, hana mke wala cheo, na jawabu lake lilikuwa sahihi.

Mwaka 1833 alipata kazi Nuremberg. Heshima ilitoka ng'ambo: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunukia nishani ya Copley. Uprofesa wa fizikia aliokuwa akiutamani, katika Chuo Kikuu cha Munich, aliupata mwaka 1852. Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Julai 1854, alifariki dunia. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris uliidhinisha jina lake kuwa kipimo cha ukinzani.

Leo kipimo hicho kimo hata katika kanuni zinazozuia taa kupepesa. Kwa kanuni za tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, vifaa vya nyumbani hupimwa kwa kutumia waya wa mfano wenye ukinzani wa omu 0.4. Kanuni inazingatia jicho la mwanadamu: taa ikipepesa karibu mara 9 kwa sekunde, badiliko la chini ya volti moja linatosha kuonekana. Kwa hiyo kadiri hita inavyoshusha volti nyingi, ndivyo inavyotakiwa kujiwasha na kujizima kwa nadra.

Watengenezaji wana njia kadhaa. Hugawa hita katika sehemu ndogo zinazowaka moja baada ya nyingine, au huipa nafasi ya nusu dakika na zaidi kati ya kuwaka na kuzima, kwani chumba hakipoi kwa muda huo. Wengine hutumia swichi za kielektroniki zinazowasha pale wimbi la umeme linapopita kwenye sifuri. Hilo hupunguza kelele kwenye redio, lakini haliondoi mshuko wa volti, maana mkondo ni ule ule na waya ni ule ule.

Sisi hatukubadili waya. Tuliiweka hita kwenye nusu ya nguvu yake, na mshuko nao ukawa nusu. Tena tuliichomoa kwenye waya wa kuunganishia iliokuwa ikichangia na taa, tukaichomeka moja kwa moja ukutani. Chumba kilichelewa kidogo kupata joto, lakini usiku ule tulisoma hadi saa sita bila taa kupepesa.