Krapf: Mmishonari Aliyefundishwa Kimvita

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 huko Derendingen, Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka wa 1844, akitumwa na shirika la Church Missionary Society, baada ya kuhudumu Uhabeshi. Barua ya Seyyid Said ilimfungulia mlango wa pwani, lakini homa haikumbishia hodi. Mwezi wa Julai mwaka huo ilimwua mkewe, Rosine. Binti yao mchanga akafuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani.

Badala ya kurejea kwao, alishika kalamu. Siku zake zikawa za kuuliza, kusikiliza na kunakili maneno. Kadhi wa Mombasa alimsaidia kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyekuja kufundisha akalazimika kwanza kufundishwa. Mwaka wa 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, wakaanzisha kituo huko Rabai. Waumini walikuwa wachache mno, ila madaftari ya msamiati yalizidi kujaa. Mwaka wa 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili.

Afya mbovu ilimwondoa pwani mwaka wa 1853. Alifariki Korntal mwaka wa 1881, na kamusi yake ikachapishwa mwaka wa 1882. Jaladani mna jina lake peke yake. Ndani mna sauti za wenyeji wengi wasiotajwa. Msomi wa Kiswahili anadaiwa na pande zote mbili: aliyeandika na waliomtamkia.