Albert Einstein na Mshipa Uliovimba
Kila mwanafunzi wa sayansi amekwisha kulisikia jina la Albert Einstein, lakini ni wachache wanaojua ugonjwa uliomwua.

Alizaliwa tarehe 14 Machi, 1879, katika mji wa Ulm, Ujerumani. Mwaka 1905, akiwa mkaguzi wa maombi ya wavumbuzi katika ofisi ya serikali mjini Bern, Uswisi, alitoa maandishi yaliyogeuza elimu ya fizikia. Akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Wanazi waliposhika utawala mwaka 1933, akahamia Princeton, Marekani.

Huko alisumbuliwa na maumivu ya tumbo. Desemba 1948 daktari Rudolph Nissen, naye Mjerumani aliyewakimbia Wanazi, alimpasua mjini New York. Akakuta mshipa mkuu wa damu utokao moyoni umevimba tumboni kama balungi. Siku zile hapakuwa na njia ya hakika ya kuutengeneza. Basi Nissen akauzungushia selofani, karatasi ing'aayo ya kufungia vitu, ili nyama ngumu iote kando yake na kuushikilia.

Uvimbe huo una hatari mbili. Ukuta wake ukizidi kutanuka, hupasuka. Tena damu huganda ndani yake, na kipande kikichomoka huweza kuziba mishipa ya miguu. Damu iliyoganda humdanganya hata tabibu, kwa kuwa picha ionyeshayo njia ya damu tu hufanya uvimbe mkubwa uonekane mdogo. Siku hizi hupimwa kwa mawimbi ya sauti, bila kisu wala maumivu.

Einstein aliishi miaka sita na zaidi. Aprili 1955 mshipa ukavuja. Kumbe mwaka 1951 Charles Dubost wa Paris alikwisha kufaulu kuondoa uvimbe wa namna hiyo na kuunga mshipa mwingine. Madaktari wakamshauri Einstein apasuliwe, naye akakataa, akiona kazi yake imetimia na haifai kuurefusha uhai kwa nguvu. Akaagiza miwani na karatasi zake za hesabu. Akafariki usiku wa kuamkia tarehe 18, akiwa na umri wa miaka 76.

Ndugu wasomaji, labda wengine wetu tungalichagua vingine. Lakini ninyi mnaotaka kusomea udaktari, mkumbukeni Nissen pia: hakungoja dawa kamili, alitumia alichokuwa nacho, na mgonjwa wake akapata miaka ya kufanya kazi.