Apolo Kivebulaya, Mtumishi Mwenye Jembe

Ninyi mliotoka Ituri jina hili mnalijua.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akawa askari, akabatizwa 1895. Kivebulaya ni jina la utani, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti lake jekundu.

Mwaka 1896 alitumwa Mboga, mahali ambapo leo ni Congo. Walimu wawili waliomtangulia walirudi kwa njaa, maana Chifu Tabaro alikataza watu wasiwape chakula. Apolo akashika jembe, akalima mwenyewe. Chifu akaamuru apigwe. Kisha dada yake chifu akaanguka juu ya mkuki, akafa, na Apolo akasingiziwa kumwua, akafungwa gerezani Toro. Humo alimwona Yesu katika maono akimtia nguvu.

Alipofunguliwa, njia ya kwenda kwao ilikuwa wazi. (Mimi sijui ningefanya nini.) Alirudi Mboga kwa Tabaro yule yule, na hatimaye Tabaro akabatizwa.

Mwaka 1903 akawa kasisi. Hakutafuta kiti cha mbele, kile ambacho sisi wachungaji wa hapa makazini tunagombania, nami nikiwamo. Alifundisha vijana, akawatuma wawe walimu. Kuanzia 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, akiwa mtu mzima tayari.

Alifariki 30 Mei 1933. Aliomba kichwa chake kisielekezwe mashariki, kwao Buganda, bali magharibi, kwenye msitu ambako wengi walikuwa bado hawajafikiwa.